Saa Nne Asubuhi, Biro Inaruka

Lubumbashi, tarehe 12 Februari 2024

Yaya Asumani, kaka yangu mkubwa,

Assalaam aleikum, wewe na binti yako Ramla. Sisi huku ni wazima, isipokuwa paa la jikoni, ambalo mvua ya mwezi huu imeligeuza chujio. Mume wangu Shafi anasema atalitengeneza. Cherehani yake pale sokoni bado inazunguka, na tumbo lake linaendelea vizuri kabisa. Barua hii ninaipitisha kwa Nkandu, dereva wa lori la samaki, kwa sababu nikikupigia simu unapiga kelele kama vile unaniita kutoka ng'ambo ya mto Luapula, halafu unakata kabla sijafika kwenye jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni hili: biro yetu, ofisi nzima, imeanza kuruka.

Unaijua kazi yetu. Dereva anakuja na karatasi za lori lake, tunazipanga, tunapiga mihuri, anakwenda kuvuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa. Miaka kumi na tisa nimeketi kwenye dirisha lile. Mwezi wa kwanza wakatuletea mkurugenzi mpya, Direkta Merdi, kijana wa miaka thelathini na nne aliyetoka semina huko nje. Alitukusanya, akachora mistari miwili ubaoni, mmoja unapanda na mmoja unashuka. "Huu unaoshuka," akasema, "ni ninyi." Eti mtu akikaa kitini kwa muda wa saa nane, damu inalala, akili inalala, kazi nayo inalala. Dawa yake ni dakika arobaini za mazoezi uani, watu wote, kila siku saa nne kamili asubuhi. Tutatoa dakika arobaini, tutapata saa mbili. Papa Donat, mzee anayetunza mafaili, aliuliza hizo saa mbili zitaingilia upande gani wa saa.

Kocha anaitwa Aimé. Ametolewa Karavia, kule ambako watu wenye nafasi hukimbia alfajiri bila mtu kuwafukuza. Ana filimbi. Akiipuliza, watu wazima ishirini na wawili tunainama kugusa vidole vya miguu, na wengine wetu tulikuwa hatujavisalimia vidole hivyo kwa miaka. Mimi nimevaa suruali ya Shafi, kitenge juu ya suruali, na mtandio juu ya vyote. Nikiruka ninapiga upepo kama hema.

Nje madereva wanapanga foleni. Wiki iliyopita mmoja aliniita kupitia nondo za geti:

"Mama, mule ndani banafanya nini? Iko matanga?"

"Hapana, iko sport."

"Na karatasi yangu?"

"Nayo inapumzika. Ngojea."

"Nyanya zangu ziko naoza mu lori, mama, na weye uko naruka!"

Nilirudi dirishani na jasho mpaka kwenye muhuri. Sasa niambie wewe, unayechonga mitumbwi tangu asubuhi hadi magharibi: damu yako imelala?

Mdogo wako,
Amida

*

Kasenga, tarehe 2 Machi 2024

Mdogo wangu Amida,

Waaleikum salaam. Ramla yuko darasa la mwisho la sekondari na anajifanya mwalimu wangu. Mto umejaa, samaki ni wengi, na Ramadhani imekaribia. Kichwa kinaniuma wiki hii. Ni jua tu.

Barua yako niliisoma mara mbili peke yangu, na mara ya tatu mbele ya watu, hapa ninapochongea. Musonda, yule mchuuzi wa samaki anayengojea mtumbwi wake wa mita tisa, alicheka mpaka akakaa chini kwenye takataka za mbao. Aliposimama akaomba niisome tena pale penye hema.

Mwambie Direkta wako awalete huku. Nitawapa gogo walipasue, walichonge, kisha walibebe mpaka majini. Watatoka jasho, na jasho likikauka mtumbwi utakuwepo. Ninyi mkimaliza kutoka jasho, panabaki nini? Panabaki harufu.

Nina miaka hamsini na sita. Sijawahi kuruka nikashukia pale pale nilipokuwa, na sitaanza. Mazoezi ni ya watu wenye viti. Mimi mkono wangu wa kulia ndiye daktari wangu, na hajawahi kunipa likizo.

Niandikie zaidi. Hasa habari za huyo mwenye filimbi.

Asumani

*

Lubumbashi, tarehe 15 Aprili 2024

Yaya,

Idi imepita, na wewe kimya. Nkandu ameshuka mara mbili na samaki, bila barua. Nilimuuliza, akasema ana haraka. Nkandu hajawahi kuwa na haraka maishani mwake. Haya, mimi nitaandika, kwa kuwa mambo yamekuwa matamu.

Direkta ametundika ubao mkubwa kwenye ukumbi wa kuingilia. Majina yetu yote yapo. Aliyefanya mazoezi anapata alama ya kijani, aliyekosa au aliyesimama kabla ya filimbi anapata nyekundu. Mgeni akiingia, kabla hajasalimiwa ameshajua nani mvivu. Mama mmoja wa hesabu alikuwa na homa siku tatu. Aliporudi, wageni walimwangalia kama mwizi wa kuku.

Lakini anayetupa furaha ni Papa Donat. Unamkumbuka: mtu wa Mitwaba, Mkatoliki wa misa ya kwanza, baba yake alifanya kazi reli. Imebaki miezi kumi apate pensheni. Goti lake la kushoto liliharibika zamani kwa kupanda ngazi za rafu. Kocha akisema "inama", Donat anainama nusu na kubaki hapo akitafakari. Wiki jana alijikaza, akashuka mpaka chini, tukasikia kitambaa kikipasuka. Suruali ilifunguka kutoka mshipi hadi Kasumbalesa. Aimé alipuliza filimbi kwa kuchanganyikiwa, na wengine wakafikiri ni amri, wakaruka.

Mimi wakati wa mfungo nilisamehewa kuruka, alhamdulillahi. Niliona kila kitu vizuri.

Andika basi, hata mistari miwili.

Amida

*

Kasenga, tarehe 26 Mei 2024

Mdogo wangu Amida,

Anayeandika ni Ramla, mimi ninasema. Niligonga kidole kwa nyundo, na kalamu hainipendi. Usianze kuuliza maswali ya wanawake. Sisi wazima. Mtumbwi wa Musonda umechelewa kwa sababu ya mbao mbichi.

Suruali ya Donat imefika mbali. Huku watu wanaijua kuliko wanavyomjua chifu. Siku mbili kwa wiki nina wageni hapa nyumbani, na barua yako ndiyo chai yao. Usiache kuandika, Amida. Nimekaa tu siku hizi, na nikikaa ninafikiri.

Ila nikuulize neno moja. Mfungo ulikwisha tarehe tisa ya mwezi wa nne. Uliandika tarehe kumi na tano, na bado hukuniambia kama umerudi kuruka. Na umenieleza ubao, rangi zake, na mahali ulipotundikwa. Hukunieleza nani anaweka rangi.

Asumani

*

Lubumbashi, tarehe 24 Juni 2024

Yaya,

Salamu kwa wote. Baridi imeingia. Shafi anakohoa.

Ni mimi ninayeweka rangi.

Mfungo ulipoanza, Direkta alisema kwa kuwa siruki, basi nishike daftari, mwandiko wangu unasomeka. Mfungo ulipokwisha, hakuna aliyelitaka daftari, na mimi sikulirudisha. Mwenye daftari haambiwi ainame. Anasimama kivulini, anahesabu, na jioni anapaka rangi ubaoni. Tangu mwezi wa tatu sijaruka hata mara moja, na mstari wangu ni kijani kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama bustani ya mapadre.

Papa Donat nilimwandikia nyekundu thelathini na moja. Ijumaa ya juzi alipewa barua: hashirikiani na mpango wa kuongeza tija, na afya yake haifai tena kwa kazi. Imebaki miezi minane apate pensheni. Walihesabu nyekundu zangu, wakaziandika kwa tarakimu na kwa maneno.

Hakuna aliyeniambia niandike uongo. Niliandika ukweli wote, kasoro mstari mmoja, ule wenye jina langu.

Alikuja dirishani kwangu kurudisha ufunguo wa chumba cha mafaili. Nilifikiri atanitukana, nikajitayarisha. Akauweka ufunguo mezani polepole.

"Mama Amida," akasema, "uliandika muzuri. Siku zote ziko. Hakuna hata moja ilipotea."

Akaenda zake. Nami nilikuwa nimekwisha kumfanya mtu wa kuchekwa mpaka Kasenga.

Usiwasomee watu barua hii.

Amida

*

Kasenga, tarehe 13 Julai 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Ninakusalimu kwa heshima na ninaomba radhi, kwa sababu leo ninaandika mimi, na baba hajui. Nkandu ameapa kufunga mdomo kwa mara ya pili. Mara ya kwanza alimwapia baba.

Si kidole. Tarehe kumi na tisa ya mwezi wa tatu, kabla ya kufuturu, baba alianguka kando ya mtumbwi wa Musonda. Ni kiharusi. Alilala hospitali siku kumi na sita. Mkono wa kulia unaning'inia, mguu anauburuta. Alinikataza kukuambia. Alisema, "Amida atakuja kunililia, na mimi siko matanga."

Kuna mama mmoja wa hospitali anayefundisha wagonjwa kunyoosha viungo, Mama Wivine. Anakuja kila Jumanne na Ijumaa. Alimwonyesha baba mambo rahisi: kupandisha mkono ukutani mara ishirini, kukamua kitambaa, kuketi na kusimama. Siku ya kwanza baba alimwangalia, akasema, "Hata huku mumetuletea filimbi?" Akanituma nilete barua yako, ile ya hema, akanitaka niisome kwa sauti. Mama Wivine alicheka, shangazi. Wote tulicheka. Muda wake ukaisha, akaondoka, na mkono haukuinuliwa hata mara moja.

Tangu hapo ni hivyo hivyo. Majirani wanakuja siku zile zile mbili kwa sababu wanajua kutakuwa na barua. Akiambiwa "inua", anasema, "Ramla, soma pale penye suruali." Ndio wale wageni aliokuandikia. Mama Wivine hacheki tena. Wiki iliyopita alinivuta pembeni, akasema miezi inakwenda, na kiungo kinachokaa kimya muda huu wote kinazoea kukaa kimya. Alisema ana wagonjwa wengine wanaomtaka.

Musonda amechukua mtumbwi wake ukiwa nusu, amempelekea fundi mwingine. Baba alisema ni yeye mwenyewe aliyempa. Halafu akageukia ukuta.

Barua yako ya mwezi wa sita, ile ya habari za Papa Donat, niliisoma peke yangu kwanza, kisha nikamsomea baba tu. Kesho yake Mama Wivine alipofika, baba akadai zile za zamani.

Barua zako ni nzuri, shangazi. Tunacheka kweli. Ninakuomba uache.

Ramla

*

Lubumbashi, tarehe 4 Agosti 2024

Yaya Asumani,

Assalaam aleikum. Najua kila kitu, na usimguse aliyeniambia. Nimelia siku mbili. Umeniepuka, lakini Shafi hakuniepuka, ameloa bega zima.

Nikueleze ya hapa kwanza, maana yanahusika. Nilichukua daftari, nikaenda nalo kwa Direkta Merdi. Mbele yake nikafuta kijani zote za jina langu, nikaandika nyekundu, siku sitini na nane.

"Mama Amida, weye si unashika daftari?"

"Ndiyo vile. Nashika daftari, siruki. Kama Papa Donat ametoka juu ya goti, mimi natoka juu ya nini? Goti yangu iko nzima."

Alicheka. Akaniuliza, nikitoka, nani atashika daftari. Nikaona hakuna maana ya kuwa jasiri mbele ya mtu asiyesikia. Nililiacha daftari mezani kwake, nikarudi dirishani.

Kilichomrudisha Papa Donat si ujasiri wangu, ni mafaili. Miaka ishirini na sita aliyapanga kwa namna aliyoijua yeye na malaika wake. Wiki ya tatu baada ya kuondoka kwake, malori arobaini na moja yalikuwa yamelala mbele ya geti, na Direkta mwenyewe, mikono ya shati imekunjwa, alikuwa juu ya ngazi akitafuta faili la mwezi wa tano kwenye sanduku la mwaka juzi. Ule mstari wake unaoshuka ulishuka mpaka ukatoka kwenye ubao. Walimfuata Donat nyumbani kwa gari. Amerudi mpaka siku ya pensheni, kwa maandishi. Ubao wa rangi umeondolewa ukutani; wanasema ni kwa ajili ya kupaka chokaa. Mimi nimeondolewa dirishani, nimewekwa chini ya Donat, nimbebee masanduku. Ananituma rafu za juu kabisa. Hasemi kitu. Anaonyesha tu kwa kidole.

Mazoezi yamebaki, saa sita mchana, kwa anayetaka, nusu saa. Tunakwenda tisa. Na hapa, yaya, kuna sentensi ambayo sikutaka kuiandika: yanasaidia. Kumbe Aimé si mjinga. Hakuwahi kupewa nafasi ya kumuuliza mtu yeyote anaumwa wapi, alipewa filimbi tu. Sasa Donat anafanya yake ameketi kwenye kiti, anainua goti, anashusha. Juzi alipanda ngazi mwenyewe. Na mimi, ambaye nilikuwa nikisinzia saa nane mchana kichwa kikigonga muhuri, sisinzii tena. Upumbavu ulikuwa wa Direkta na wa daftari langu. Mwili haukuwa na kosa.

Nilikuandikia vile kwa sababu nilipenda ucheke. Dirishani pangu watu wanangoja muhuri tu, hakuna anayengoja maneno yangu. Wewe uliyangoja. Kwa hiyo kila barua niliyatia chumvi zaidi, nikiona sifa zinarudi kutoka Kasenga. Sikujua unayatumia kufunga mlango.

Zichome. Mama Wivine akija Ijumaa, msikilize. Nimeomba likizo ya mwezi wa kumi na moja. Nitakuja, nitalia siku ya kwanza tu, hilo nakuahidi.

Amida

*

Kasenga, tarehe 29 Septemba 2024

Amida,

Waaleikum salaam. Ramla amefaulu mtihani wa serikali, asilimia sitini na nane. Jua ni kali, mto umepungua.

Barua hii imenichukua siku nne. Ni mkono wa kulia. Kama husomi, tafuta mwenye macho.

Kwanza nimekasirika, na ninataka ulijue hilo kabla ya mengine. Sikukasirikia Ramla. Unaandika vizuri mno, Amida. Donat ulimwandika vizuri akapoteza kazi, mimi uliniandikia vizuri nikapoteza miezi mitano. Siku nyingine andika vibaya kidogo, watu wapone.

Pili, si kosa lako. Nilijua ninachofanya. Mama Wivine aliponiambia niinue mkono, nilijaribu kwanza peke yangu, nyuma ya nyumba, kabla hajaja mara ya pili. Haukuinuka. Mkono huu, uliochonga mitumbwi sitini na mingapi, ulinikatalia hata kufika kwenye kitovu. Nikaona afadhali nionekane mtu asiyetaka kuliko mtu asiyeweza. Barua zako zikafika wakati huo huo. Ningezikosa, ningepata kitu kingine.

Sikuzichoma. Nimempa Mama Wivine zote, azisome nyumbani kwake. Anasema ile ya Donat ya mwezi wa sita ndiyo nzuri kuliko zote. Hajui kuchagua vya kuchekesha, lakini anajua mikono.

Mwezi wa nane mkono ulifika kidevuni. Sasa unafika sikioni. Kuchonga, sijui; yeye hasemi ndiyo wala hapana. Nimeanza kuketi kwa fundi aliyechukua kazi ya Musonda, ninamwonyesha makosa yake. Ni mengi.

Jana niliamua nisijifiche tena nyuma. Nikafanyia mbele, kwenye ukuta wa barabarani, mchana kweupe, watu wakipita kwenda sokoni. Musonda akaja na baiskeli yake, akasimama, akaniangalia nimebandika kiganja ukutani, ninapanda na kushuka.

"Asumani! Uko nasukuma nyumba?"

"Ee, iko naniangukia."

Akacheka, unamjua. Watu wengine wakasimama. Akasema, "Ngoja, ngoja kwanza, ninaita bengine," akageuza baiskeli.

Sikungoja. Nilikuwa nimefika kumi na saba, na nilitaka ishirini.

Kaka yako,
Asumani